Nusu ya Daraja

Kabla ndege hazijajulikana pwani yetu, rubani alikuwa mtu wa bandarini. Chombo kikikaribia mlango asioufahamu nahodha, rubani hupanda, husimama karibu na usukani, na kuanzia hapo neno lake ndilo linalofuatwa. Nahodha ana jahazi, ana shehena, ana mabaharia; lakini anayeijua miamba ni rubani. Neno hilo lilipohamia angani lilibeba heshima ile ile: huyu ndiye anayeachiwa chombo kwa sababu anaona wasichokiona wengine. Ndiyo maana linaanza kuyumba tunapomwita hivyo rubani wa vita. Huyu naye anauona mwamba na anauona mlango, ila kuna mtu nchi kavu, maelfu ya maili kutoka hapo, aliyekwisha kumwamulia pa kupita.

Nimekuwa nikisoma maandishi yaliyotokana na marubani wa namna hiyo, waliopigana Korea na Vietnam kati ya 1950 na 1972. Ya Wamarekani nimeyasoma kwa lugha yao, ya wengine kwa tafsiri. Nilitarajia kukuta lalamiko moja lililosemwa kwa lugha tatu: kwamba wanasiasa walituzuia kushinda. Lalamiko hilo lipo, na lina sauti kubwa, lakini ni la Wamarekani peke yao. Mmarekani alifungwa mkono. Mrusi alifungwa mdomo. Mvietnam nitamfikia baadaye, maana yeye hafungiki kirahisi katika sentensi.

Mji wa Dandong, kaskazini-mashariki mwa China, una daraja la chuma lisilofika ng'ambo. Lilijengwa na Wajapani na kukamilika mwaka 1911, kuvuka mto Yalu hadi Sinuiju, Korea. Upande wa China bado limesimama. Unatembea juu yake mpaka katikati ya mto, na hapo linakatika, vyuma vimejikunja, na kutoka hapo hadi ukingo wa pili ni nguzo tupu zilizobaki majini. Watalii hulipa kiingilio, hufika mwisho, hupiga picha, hurudi.

Watu husema bomu halichagui. Lililolikata daraja hili lilichaguliwa pa kuangukia. Novemba 1950, majeshi ya China yalipokuwa yakimiminika Korea, Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani aliomba kuyabomoa madaraja ya Yalu. Washington ikamkubalia kwa sharti: abomoe upande wa Korea tu, na ndege zake zisiingie anga ya China. Ukilisoma sharti hilo ukiwa mezani, linaonekana la busara. Lisome ukiwa ndani ya ndege. Daraja limelala kutoka kusini kwenda kaskazini, na njia nzuri ya kulipiga ni kulifuata kwa urefu wake. Huwezi, maana ukilifuata utajikuta China. Basi unakuja kwa ubavu, ukiambaa na mto, kwa njia ambayo mpiga mzinga wa ng'ambo anaijua kabla hujafika, na huyo mpiga mzinga yuko mahali usiporuhusiwa kumgusa. Marubani wa jeshi la majini waliotumwa kutoka kwenye meli za kubeba ndege walivunja sehemu ya madaraja hayo. Kisha baridi ikakaza, mto ukaganda, na watu na magari wakapita juu ya barafu.

Kutokana na vita hivyo fasihi ya Kimarekani ilipata riwaya mbili ambazo napenda kuziweka pamoja. Ya kwanza ni The Bridges at Toko-Ri ya James Michener, iliyotoka mwaka 1953. Shujaa wake, Brubaker, ni wakili wa Denver aliyekwisha kupigana vita vikuu vya pili, akaitwa tena, na hajui kwa nini ni yeye na si jirani yake. Anapiga madaraja yake, anatunguliwa, anafia mtaroni. Swali lake linajibiwa, lakini anayelijibu ni amiri wa meli, si yeye aliye mtaroni. Michener alikuwa mwandishi aliyepanda meli za vita kutazama, na mtazamaji mara nyingi huhitaji jibu kuliko mpiganaji.

Ya pili ni The Hunters ya James Salter, ya mwaka 1956. Salter hakuwa mtazamaji. Aliruka safari zaidi ya 100 za vita juu ya Korea katika ndege aina ya F-86 Sabre. Na Salter si jina alilozaliwa nalo, alizaliwa Horowitz. Alijibandika jina jingine kwa sababu bado alikuwa ofisa wa jeshi la anga na hakutaka wenzake wajue kwamba kati yao kuna anayeandika.

Ukifungua riwaya yake ukitafuta siasa, hutaipata. Hakuna Washington, hakuna MacArthur. Mto Yalu upo, lakini upo kama ukuta wa nyumba ulivyo kwa mtu aliyezaliwa ndani yake. Kilichopo ni hesabu. Ukitungua MiG tano, ndege za adui, wewe ni bingwa. Ukitungua nne wewe si kitu. Mhusika mkuu, Cleve, anakuja Korea akiwa na sifa, anaondoka asubuhi na kurudi jioni mikono mitupu, huku kijana mmoja mwenye tamaa, Pell, akipanda nyota juu yake kwa njia zisizo safi. Mwishoni Cleve anamtungua adui anayeogopwa kuliko wote. Anarudi na kukuta kamera iliyofungwa pamoja na bunduki zake haikunasa kitu. Shahidi pekee ni mwenzake wa ubavuni, na huyo ameishiwa mafuta na kufa karibu kabisa na uwanja. Cleve anaulizwa. Anasema aliyemtungua ni marehemu.

Wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama hadithi ya tamaa na heshima. Mimi naona siasa imejaa humo hadi pomoni, ila imemezwa. Vita vya Korea kuanzia katikati ya 1951 vilikuwa vya kusukumana mahali pamoja. Ilikwisha kuamuliwa juu kwamba havitapiganwa kwa nguvu zote hadi ushindi. Rubani anayejua kwamba kazi yake haitausogeza mpaka hata hatua moja atatafuta kitu kingine cha kusogeza, na kilichobaki ni zile nyota nyekundu anazochorewa ubavuni mwa ndege. Ukimnyima mtu mwisho wa vita, atahesabu.

Adui wa Cleve hana sura wala lugha. Marubani wa Marekani walimpa jina la utani, Casey Jones, nao walishuku ni nani. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye redio haambiwi sikiliza.

Kuanzia Novemba 1950 Umoja wa Kisovieti uliweka karibu na Dandong kikosi kilichoitwa Kikosi cha 64 cha ndege za kupambana, chenye MiG-15. Marubani wake walivishwa sare za Kichina. Ndege zao zilipakwa alama za Korea au China. Waliamriwa wasiruke juu ya bahari, na wasivuke kusini ya mstari wa Pyongyang hadi Wonsan, kwa sababu rubani akianguka mikononi mwa Wamarekani, akiwa hai au maiti, uongo wote umekwisha. Na waliamriwa wasizungumze Kirusi redioni. Walipewa karatasi yenye maneno ya Kikorea yaliyoandikwa kwa herufi za Kirusi, ya kutazama wakiwa angani.

Hebu tulia hapo kidogo. Uko mita 10,000 juu, kwa mwendo unaokaribia wa sauti. Unamwona Sabre akiingia nyuma ya mwenzako. Una nukta mbili za kumwambia avunje kushoto, na maneno ya kumwambia hivyo yako kwenye karatasi gotini. Haikuchukua muda amri hiyo ikafa yenyewe. Mtu anayeona rafiki yake anakufa husema lugha ya mama yake, na Wamarekani waliokuwa wakisikiliza masafa yale wakasikia Kirusi, tena cha matusi.

Aliyeongoza sehemu yao ni Ivan Kozhedub, aliyetungua ndege 62 za Wajerumani katika vita vikuu vya pili. Hakuna rubani wa upande wa washirika aliyemfikia. Alipewa Divisheni ya 324 na kuzuiwa kupigana. Alikaa chini akawapanga wengine. Sura yake ilijulikana mno kuhatarishwa.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana jambo la kuongeza ambalo Mrusi na Mmarekani hawanalo karibu. Katika tenzi zetu za vita, kuanzia Utendi wa Tambuka hadi Utenzi wa Rasi 'lGhuli, shujaa haingii uwanjani kimya. Hujitokeza mbele ya safu, akajitaja jina, akajitaja baba, akamwita mwenziwe atoke. Jina hutangulia upanga. Kuua bila kujitaja ni kazi ya mwizi, na kufa bila kutajwa ni kama kutozaliwa. Kwa mizani hiyo, yule Mrusi juu ya Yalu hakunyimwa shabaha kama Mmarekani. Alinyimwa kile kinachomfanya mpiganaji awe mpiganaji na si jambazi. Salter alilificha jina lake mwenyewe, kwa hiari, ili aandike. Hawa walifichiwa lao ili wasiandike.

Waliokufa hawakurudishwa kwao. Walizikwa China, wengi katika makaburi ya Kirusi ya Lüshun, mji ambao zamani uliitwa Port Arthur. Hesabu ya Warusi wenyewe ni marubani 120 na ndege 335. Walio hai walirudi na nishani za Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, na ukiuliza nishani ni ya nini, ni ya kutimiza kazi maalumu ya serikali. Basi.

Oktoba 6, 1951, Sabre mmoja alitua kwa tumbo kwenye tope la ufukwe wa magharibi ya Korea. Rubani wake aliokolewa na wenzake. Ndege ikabaki, karibu nzima. Maji yalipokupwa usiku, vibarua wa Kichina walikwenda na kamba, wakaivuta kutoka kwenye tope, na baada ya safari ndefu ya malori na kujificha ikafika Moscow, ambako wahandisi waliifungua msumari kwa msumari. Aliyehesabiwa kuiangusha ni Yevgeny Pepelyaev, kamanda wa rejimenti ya 196. Wapo marubani wangapi duniani wenye ushahidi kama huo? Si filamu ya kamera. Ndege yenyewe, na harufu ya mafuta yake. Na hakuruhusiwa kusimulia.

Kumbukumbu zake za Korea zilitoka mwaka 2000. Mwenzake Sergei Kramarenko akafuata mwaka 2006. Ukitoka kwa Salter ukaingia kwa wazee hawa, utahisi umetoka kwenye ushairi ukaingia ghalani. Kimo, umbali, idadi ya ndege, nani alikuwa kulia, risasi zilimpata wapi. Mizinga mitatu ya MiG, mmoja wa milimita 37 na miwili ya 23, inapata maelezo mengi kuliko hofu ya mtu. Nilichoka, nikakiweka kitabu chini, kisha nikaelewa. Huyu ni shahidi aliyekatazwa kwenda mahakamani kwa miaka arobaini. Amefika akiwa mzee, na hana nia ya kumpendeza mtu, ameleta stakabadhi. Ubaya ni kwamba stakabadhi za pande mbili hazikubaliani. Wamarekani walidai MiG 792. Warusi walidai zaidi ya ndege 1,000. Kila upande ulikiri hasara ndogo sana kuliko alizodai mwenzake. Nyota zilizochorwa ubavuni zilikuwa nyingi kuliko ndege zilizoanguka.

Kuna jambo moja ambalo riwaya ya Salter haikuweza kulijua na kumbukumbu za Warusi hazipendi kulikazia. Serikali ya Marekani ilijua. Ilisikia Kirusi redioni na ikanyamaza, kwa sababu wananchi wake wangejua kwamba vijana wao wanauawa na Warusi, wangetaka vita na Urusi, na wakati huo pande zote mbili zilikuwa na bomu la nyuklia. Moscow ilidanganya, Washington ikaulinda uongo wa Moscow. Mstari wa Yalu uliomkera Mmarekani na mstari wa Pyongyang uliomkera Mrusi ilichorwa na woga mmoja. Nathubutu kusema kwamba uongo huo ndio jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa na serikali hizo mbili katika vita vile. Waliolipa gharama yake ni watu mia kadhaa waliokuwa wakigongana katikati, kila mmoja akiamini ni yeye tu aliyefungwa.

Wafaransa nitawapita haraka, kwa kuwa Antoine de Saint-Exupéry hakuwa rubani wa kupambana, alipiga picha. Lakini kitabu chake Pilote de guerre, kuhusu safari yake juu ya Arras Mei 1940, kinastahili mstari mmoja hapa kwa sababu ya jina. Kilipotoka Ufaransa iliyotekwa, mwaka 1942, wapambe wa Wajerumani waliwaka kwa kuwa kinamsifu rubani mmoja aliyeitwa Israël, Myahudi. Kikapigwa marufuku. Mtu alitajwa kwa jina lake, hilo likatosha.

Rais Johnson wa Marekani alipoanza kuipiga Vietnam Kaskazini Machi 1965, alikuwa na lile daraja la Dandong kichwani. Majeshi ya Marekani yaliukaribia mpaka wa China mwaka 1950 na China ikaingia vitani, hakutaka kurudia. Kwa hiyo operesheni iliyoitwa Rolling Thunder, iliyoendelea hadi mwanzoni mwa Novemba 1968, ilichorewa duara. Maili 30 za baharini kuzunguka Hanoi ni eneo la ruhusa maalumu, na maili 10 za ndani hazigusiki. Haiphong, bandari ambamo silaha za Kirusi zilishuka, nayo ina maduara yake. Ukanda wa mpaka wa China, vilevile. Shabaha ziliidhinishwa kwenye chakula cha mchana cha Jumanne katika Ikulu ya Marekani, meza ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mwanajeshi wa kudumu. Viwanja vya MiG havikuguswa hadi Aprili 1967: rubani aliziona ndege zikipasha injini chini yake na akapita juu, akijua atakutana nazo dakika kumi baadaye.

Kanali Jack Broughton alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha ndege za F-105 huko Takhli, Thailand. Kitabu chake Thud Ridge, cha mwaka 1969, kimepewa jina la safu ya milima kaskazini-magharibi ya Hanoi ambako ndege hizo zilijibanza zikielekea mjini. Karibu nusu ya F-105 zote 833 zilizoundwa ziliishia katika vita hivyo. Kitabu kina hasira ya mtu anayeandika huku majina ya marafiki bado ni mabichi. Anachokiweza kuliko wote niliowasoma ni sauti: redio iliyojaa watu wanaokatizana, mmoja anaungua, mwingine anauliza mafuta, wa tatu anamwita aliyekwisha kuruka kwa mwavuli, na katikati yake ile njia ile ile, saa ile ile, kama basi la abiria.

Juni 2, 1967, rubani wake mmoja alirudi akasema alipokuwa akipigwa na mizinga karibu na bandari ya Cam Pha alifyatua risasi, na huenda zimeipata meli. Meli ilikuwa ya Kirusi, Turkestan, na baharia mmoja alikufa. Moscow ikalalamika. Filamu ya kamera ya bunduki ingeonyesha kilichotokea. Broughton aliichukua filamu ile na kuiharibu, ili vijana wake wasisulubiwe kwa ajili ya mstari wa kwenye ramani. Akapelekwa mahakama ya kijeshi. Shtaka kubwa la kula njama likaanguka. Akatiwa hatiani kwa kuharibu mali ya serikali, yaani filamu, akatozwa dola 600. Baadaye hukumu hiyo ilifutwa, lakini kazi yake ilikuwa imekwisha. Aliisimulia kwa urefu katika kitabu chake cha pili, Going Downtown, mwaka 1988.

Weka filamu mbili hizo juu ya meza moja. Ya Cleve, katika riwaya, haina kitu, na kwa sababu haina kitu anaweza kutoa zawadi kwa marehemu. Ya Broughton ina kitu, na kwa ajili ya walio hai anaitia mwanga. Salter hakuweza kujua kwamba miaka kumi na moja baadaye mtu halisi angekigeuza kisa chake ndani nje. Katika zote mbili rubani anamwambia mkuu wake jambo lile lile: hutaona nilichoona.

Nilipokisoma Thud Ridge mara ya kwanza nilikuwa upande wake moja kwa moja. Mara ya pili nilianza kutafuta watu wa chini. Daraja la Long Bien, lililojengwa na Wafaransa na kufunguliwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ndilo lililoibeba reli kuingia Hanoi; liliondolewa kwenye orodha ya mwiko na kupigwa kwa mara ya kwanza Agosti 11, 1967. Kwa Broughton madaraja kama hilo ni shabaha iliyocheleweshwa na wapumbavu. Mtu aliyekuwa akivuka na baiskeli hamo. Wala hamo yule anayeogopwa na Johnson: China ilituma Vietnam Kaskazini katika miaka hiyo wanajeshi zaidi ya 300,000, wahandisi na wapiga mizinga, na kila bomu lililokosea lingeweza kuwafanya wawe milioni. Broughton anaandika kama mtu aliyefungwa mkono na rafiki mlevi. Inawezekana rafiki hakuwa mlevi. Inawezekana alikuwa ameona kitu nje ya dirisha. Lakini hilo nalo halimpi Johnson nafuu. Kama shabaha haistahili vita na China, ilistahili vipi rubani wa nane aliyefia njia ile ile wiki ile ile?

Sasa Mvietnam.

Jeshi lake la anga lilikuwa changa na dogo. Rejimenti ya kwanza, ya 921, ilifunzwa China na kuingia nyumbani Agosti 1964 ikiwa na MiG-17 dazeni chache. Aprili 3, 1965 ilipambana kwa mara ya kwanza, ikilinda daraja la Ham Rong huko Thanh Hoa, daraja ambalo Wamarekani walilipiga miaka saba kabla ya kuliangusha kwa mabomu yanayoongozwa kwa mwanga wa leza mwaka 1972. Pham Ngoc Lan, aliyeongoza shambulio siku hiyo, aliishiwa mafuta akirudi. Ndege ni chache mno kuitupa. Hakuruka kwa mwavuli. Aliteremka nayo kwa tumbo kwenye mchanga wa ukingo wa mto Duong.

Katika ukingo huo wa mchanga ndipo nilipomwelewa Mvietnam. Kwa Mmarekani ndege ni yake na sheria ni ya wengine. Kwa Mvietnam yeye mwenyewe ni mali ya ndege, na ndege ni mali ya taifa. Mwelekezi aliyekaa ardhini mbele ya rada humwambia apande lini, ageuke wapi, ashambulie au aache. Mara nyingi aliambiwa aache. Viwanja vilipopigwa mwaka 1967, baadhi ya ndege zilihamishiwa China, zikapumzika nyuma ya mstari ule ule uliomkera Broughton. Nyingine zilininginizwa chini ya helikopta kubwa aina ya Mi-6 na kupelekwa mlimani kufichwa, MiG ikibembea kwenye nyaya kama mbuzi anayepandishwa jahazini.

Aliyetungua ndege alipewa beji yenye sura ya Ho Chi Minh, moja kwa kila ndege. Nguyen Van Coc alikuwa nazo tisa. Nguyen Van Bay, mtoto wa wakulima wa kusini, alikuwa nazo saba. Mwishowe wote wawili waliteremshwa wasiruke tena vitani, kwa sababu bingwa aliyekufa hafundishi mtu. Kozhedub alizuiwa asionekane. Hawa walizuiwa wasipotee. Amri inafanana, maana yake imeachana kabisa.

Na maandishi yao? Msomaji wa Magharibi huyakimbia, kwa kuwa yamejaa "sisi". Sisi tuliamua, sisi tulijifunza, chama kilituongoza. Mimi nililelewa na redio iliyosema "sisi" asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo nina subira nayo, na nina mashaka nayo pia. "Sisi" ni paa na ni blanketi: humkinga mtu, na humfunika akosekane. Lakini usilichukulie kuwa ni uongo wa propaganda tu. Rubani aliyetua kwenye mchanga akiogopa kuharibu ndege ya watu wote hasemi "mimi" kwa urahisi, hata asipoamriwa. Bay, vita vilipokwisha, alirudi Dong Thap akalima na kufuga samaki, na alipofariki mwaka 2019 walikuwapo Wamarekani waliomlilia.

Lipo kundi moja zaidi, na halikuacha kitabu. Kati ya 1967 na 1969 Korea Kaskazini ilituma marubani wake Vietnam. Miaka kumi na tano kabla ya hapo Warusi walikuwa wamejifanya Wakorea ili kuilinda Korea. Sasa Wakorea walivaa sare za Kivietnam na kuruka MiG zenye alama za Vietnam. Wala Pyongyang wala Hanoi haikusema neno kwa miongo mitatu. Wanajeshi 14 wa anga wa Korea walizikwa katika eneo la Bac Giang, kaskazini-mashariki ya Hanoi, juu ya kilima chenye mashamba pembeni. Mwaka 2002 mifupa ilifukuliwa ikarudishwa kwao. Mawe ya makaburi yameachwa pale pale, mstari kwa mstari, matupu chini, na juu ya kila jiwe limeandikwa jina.